Nani Atasimama Katikati ya Barafu

Naikumbuka vizuri siku moja ya mwezi wa Februari, mwanangu. Nilikuwa nimeketi katika chumba cha kuvalia cha uwanja wa barafu, kusini mwa Stockholm, jasho likinitiririka, nikifungua mikanda ya magodoro yale ambayo kipa hufunga miguuni. Mazoezi yalikuwa yamekwisha na vijana walikuwa wakinitania kama kawaida yao.

"Farfar," akaniita mmoja, maana yake babu, "umemeza vidonge vyako vya mgongo leo?"

"Mwache mzee apumzike," akadakia mwenzake. "Akikosa usingizi, kesho tutafungwa."

Nikawarushia soksi iliyolowa, wakatawanyika wakicheka. Babu wao nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja.

Kama hujui hoki ya barafu, nikueleze kidogo. Ligi ya vijana ina kikomo cha umri. Ukikifikia, unapanda timu ya wakubwa au unatundika viatu vyako vya barafu ukutani. Lakini klabu inaruhusiwa kubaki na wachezaji wachache waliokwisha kukipita kikomo hicho, nao Waswidi huwaita överårig, yaani aliyepita umri. Hao hubaki msimu mmoja wa ziada. Wapo watu wanaowaonea huruma, kama vile tulivyokuwa tukimwonea huruma, kule Kigoma kwenye kambi ya wakimbizi, kijana mwenye ndevu aliyekaa darasa la tatu na watoto wenye meno ya utoto.

Mimi sikujionea huruma. Nilikuwa kipa mzuri na nilijua. Tulifika Sweden nikiwa na miaka tisa, na watoto wa hapa Rågsved, mtaa wetu, walikuwa wameanza kuteleza kwenye barafu kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati. Mama hakuwa na uwezo wa kuninunulia vifaa vya hoki, ila klabu ilikuwa ikiwaazima makipa vifaa vyao, kwa kuwa ni ghali na hakuna mtoto aliyetaka kusimama golini apigwe na puki, kile kisahani cheusi kinachochezewa, kigumu kama kwato. Ndivyo nilivyokuwa kipa. Mwenye njaa hachagui upande wa sahani.

Baba alikwisha kufariki tukiwa kambini. Mama alitutoka nikiwa na miaka kumi na minane. Nikaacha shule, nikaingia kazini katika kiwanda cha malori Södertälje, na watu wa ustawi wa jamii, baada ya kuja na kuja tena, wakakubali nibaki na wadogo zangu wawili: Joselyne, ambaye tulimwita Josi, na Neema, ambaye baba alimwacha tumboni, aliyekuwa bado anaota meno mapya. Mwaka ule wa msiba karibu sikucheza. Ndiyo maana nilihitaji msimu wa ziada. Wahenga walisema kawia ufike, nami nilikuwa njiani kufika.

Basi, turudi chumbani. Mlango ukafunguliwa, akaingia meneja wa timu, Lasse, mtu mnene mwenye masharubu aliyejiunga nasi msimu huo wa ziada tu. Akapiga makofi vijana wanyamaze.

"Deo," akasema, "mwaka huu tuzo ni yako."

Kila mwaka ligi yetu ilitoa tuzo moja kwa mchezaji bora kati ya wale waliopita umri. Haikuwa na fedha ndani yake. Ilikuwa kibao cha mti wa mbetula chenye gongo dogo la hoki la shaba juu yake, na jina lako limechongwa. Lakini ilikuwa na desturi yake. Ilitolewa mwishoni mwa mechi ya mwisho ya nyumbani, katikati ya barafu, na aliyeikabidhi hakuwa kiongozi wa ligi. Alikuwa mzazi wa mchezaji. Katika nchi hii mtoto hafiki popote katika hoki bila mzazi wa kumwamsha alfajiri, kumpeleka kwa gari na kumsubiri kwenye baridi na kikombe cha kahawa. Siku hiyo ilikuwa ya kuwashukuru hao. Zulia lilitandikwa, mama au baba akatembea hadi katikati, akamkabidhi mwanawe mbele ya uwanja wote.

Vijana wakapigapiga magongo yao sakafuni kunipongeza. Lasse akatoa kalamu.

"Nani atakuja? Mama, baba au wote wawili? Mtangazaji anataka majina."

Lasse hakujua habari zangu. Vijana walizijua, na wale waliokuwa wakinitania wakaanza kutazama viatu vyao. Mwanangu, ile huruma ndiyo sikuitaka. Nikanyoosha mgongo, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye mali, "Baba atakuja."

Usinicheke. Sikukusudia kusema uongo. Sisi Warundi, na wenzetu wa Kongo na Rwanda, tunajua kwamba mtu hakosi baba. Kijana yatima akitaka kuoa, haendi peke yake kwa wakwe. Anamtafuta mzee wa heshima, anamwomba asimame kama baba yake, na siku ya posa mzee huyo husema "mwanangu huyu" mbele ya watu, na hakuna anayeuliza alimzaa lini. Nikajiambia: kama desturi inatosha kwenye mahari, itatosha kwenye barafu.

Na mzee wa kazi hiyo alijulikana. Alikuwa Mzee Bahati, Mkongomani wa Uvira, aliyekaa ghorofa ya chini katika jengo letu. Alikuwa na suti ya rangi ya majivu yenye kizibao, na sauti iliyojaza ukumbi bila kipaza sauti. Alikwisha kusimama baba wa vijana wengi sana hapa Stockholm, hata watu walitania kwamba ameozesha wengi kuliko aliowabatiza mchungaji.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwake. Kwa mzee hatuendi mikono mitupu, basi nilibeba kreti ya Fanta. Mkewe, Mama Riziki, alipoiona tu akapiga kigelegele mlangoni.

"Aa, Deo! Nani huyo binti? Wa kwa nani?"

"Hapana binti, Mama."

"Hapana binti na Fanta yote hii?"

Mzee Bahati akaniashiria niketi. Nikamweleza kila kitu, tangu tuzo hadi zulia, nikamalizia kwa maneno ya adabu kama inavyotakiwa: "Kwa hiyo nimekuja kukuomba, Mzee, siku hiyo usimame kama baba yangu."

Akaondoa miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Sikia, mtoto yangu. Uko unacheza namba gani?"

"Ni kipa, Mzee."

"Na timu yenu inavaa rangi gani?"

"Nyeupe na kijani."

"Mi nilijua ni nyekundu. Mara ya mwisho nilikuja kukuona wakati gani?"

"Hujawahi kuja, Mzee."

"Voilà." Akavaa miwani yake. "Sasa nikuulize tena. Kwenye posa mi nasimamaka kwa sababu gani?"

"Kwa sababu kijana hana baba."

"Hapana. Nasimama kwa sababu ya mambo ya mbele. Nawaambia wakwe: huyu akimpiga binti yenu, akimwacha na njaa, njooni mgonge mlango wangu. Hiyo naweza kuibeba, kwa sababu kesho bado haijafika, na mi nitakuwa hapa. Lakini hao Waswidi wako hawaulizi ya mbele. Wanauliza ya nyuma. Wanauliza: nani alikuleta mpaka hapa? Deo, ya nyuma sikuwepo. Unataka nivae suti nikavune shamba ambalo sikulima?"

"Mzee, ni dakika chache tu."

Hapo akapandisha sauti, na Mama Riziki akaacha kufungua chupa.

"Dakika chache unaweza kumwibia mtu maisha yake! Nikisimama pale, kuna mtu namtoa mahali pake. Ni nani huyo?"

"Hakuna mtu," nikasema. "Mama amekufa, baba amekufa. Hakuna."

"Usiseme hakuna. Nani anaanika yale manguo yako makubwa ya kipa? Mi naishi chini yenu, nasikia maji yanadondoka bafuni. Nani?"

"Josi."

"Nani anakaa na mdogo wenu jioni, wakati uko kwenye mazoezi?"

"Josi. Lakini Mzee, Josi ana miaka kumi na mitano! Ni mimi ninayemlea yeye."

"Na nani alikuambia malezi yana njia moja?" Sauti yake ikashuka. "Unajua wanasema mkubwa ni jalala, kila mtu anakuja kumtupia yake. Ni kweli, na wewe umekuwa jalala zuri, nyumbani na kwenye hiyo timu ya watoto. Lakini hata jalala lina mtu anayelizoa. Bila yeye lingeshajaa na kunuka. Umemzoea mpaka humwoni tena. Hiyo ndiyo kosa yako, siyo kukosa baba."

Nikainamisha kichwa. Nilikuja kuazima heshima, na mwenye heshima alikataa kuniazima. Nikanyanyuka, nikainama kuchukua kreti yangu, maana ombi likikataliwa zawadi hurudi.

"Weka chini hiyo," akasema Mama Riziki. "Amekataa kazi, hajakataa kiu."

Nikapanda ngazi taratibu. Sasa sikiliza hapa, mwanangu, maana wengi hudhani maneno ya mzee yakishaingia sikioni kazi imekwisha. Kazi ilikuwa ghorofa ya juu, imesimama jikoni ikimenya viazi.

Nilimwambia Josi kwa namna niliyozoea kumwambia mambo yote. Nikasema, "Tarehe ya mechi ya mwisho usipange kitu. Utanikabidhi tuzo."

"Aldrig i livet," akajibu kwa Kiswidi bila kugeuka. Hata siku moja. Watoto wetu wakitaka kukataa kweli kweli, hukataa kwa Kiswidi.

"Mbona? Ni kutembea tu kwenye zulia."

"Watu wote watanitazama. Watasema, huyu ndiye mama yake?"

"Waseme."

Akaweka kisu chini, akarudi kwenye Kiswahili. "Pale ni pa mama, Deo. Mimi sitaki kukaa pa mama. Nimechoka kukaa pa mama."

Maneno hayo yalinipiga mahali ambapo sikuwa nimevaa kinga. Nilidhani mimi ndiye peke yangu niliyechoka katika nyumba ile. Tangu msiba nilikuwa nikienda kazini, nikirudi, nikiamua, nikiagiza; nilijua Neema anavaa viatu vya ukubwa gani, nilijua siku ya mkutano wa wazazi shuleni. Sikujua kwamba Josi alikuwa ameacha kwaya ili mimi niwahi mazoezi. Siku ile ndipo Neema, aliyekuwa mezani akichora, alipolitamka bila kuinua kichwa: "Josi aliacha kuimba kwa sababu ya hoki." Kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nikavuta kiti, nikaketi. Kisha nikasema, "Sikuombi ukae pa mama. Pa mama patabaki wazi. Wanataka kujua nani alinifikisha. Nimefikiri, na jibu ni wewe."

"Umefikiri, au Mzee Bahati ndiye aliyefikiri?"

"Yeye alianza," nikakiri, na midomo yake ikatikisika kidogo, kicheko kikitaka kutoka.

"Sasa unaniamuru au unaniomba?"

Mwanangu, sikumbuki kama niliwahi kumwomba mdogo wangu kitu kabla ya jioni ile. Nilikuwa nimemtuma, nimemkataza, nimemkaripia, nimemnunulia. Neno lenyewe lilikuwa geni kinywani mwangu.

"Nakuomba," nikasema.

Akachukua tena kisu chake. "Nitafikiri," akasema, na nikajua amekubali, ila ana haki ya kunichelewesha kidogo. Jumatatu nilimpa Lasse jina lake, na wiki iliyofuata nikabadilishana zamu na mwenzangu kiwandani ili siku ya mazoezi ya kwaya niwe nyumbani na Neema. Kocha alinuna. Nikamwacha anune.

Siku ya mechi ikafika. Tulishinda, na nilizuia vizuri. Sitajisifu zaidi ya hapo, ingawa ningeweza. Kipyenga cha mwisho kilipolia, wakatandika zulia kutoka mlangoni hadi katikati. Taa zikapunguzwa. Mtangazaji akasoma jina langu la ukoo kwa kulivunja vipande vitatu na kuviunga vibaya, kisha akasema kwamba tuzo ya mwaka ya waliopita umri itakabidhiwa na Joselyne, dada yake.

Akatokea Josi na koti lake la baridi, nywele amesuka upya, anatembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Sauti za uwanjani zikafifia. Nilisikia mtu akinong'ona nyuma ya kioo kinachozunguka barafu, "Ni mtoto." Akaendelea kuja. Zulia lilikuwa fupi kidogo, likaishia kabla hajanifikia, na hatua za mwisho akazikanyaga kwenye barafu yenyewe, na viatu vyake vya kanisani. Hakuteleza.

Kwetu, mdogo akimpa mkubwa kitu, hanyooshi mkono mmoja tu. Hukitoa kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto hushika kigasha cha ule wa kulia, kuonyesha kwamba anakitoa kwa heshima. Josi alizaliwa kambini na kukulia Sweden, na nyumbani alikuwa akinirushia funguo kama anamrushia mbwa mfupa. Lakini pale akainua kile kibao, mkono wa kushoto ukaenda mahali pake, kama mama alivyotufundisha.

Nikavua kofia ya kipa. Nikavua glavu zote mbili, nikaziacha zianguke. Na mimi, mkubwa wake, nilipounyoosha mkono wa kulia kupokea, nikashika kigasha changu kwa mkono wa kushoto.

Mkubwa hampokei mdogo hivyo. Josi aliuona mkono wangu. Akafumba macho, akayafumbua, kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, "Glavu zako zinanuka hadi huku."

"Si wewe unayezianika?"

"Kuanzia leo utazianika mwenyewe."

Tukacheka, wote wawili, na nadhani kwa mbali tulionekana kama watu wanaolia, na hilo pia halikuwa uongo. Vijana wangu wakaanza kugonga barafu kwa magongo yao, wale wale wa "Farfar", wakagonga hadi uwanja mzima ukaungana nao. Waswidi walipiga makofi kwa sababu ya dada na kaka yatima. Kati ya watazamaji, ni mtu mmoja tu aliyeelewa kuhusu ule mkono. Katika safu za juu, akiwa na suti yake ya majivu bila koti, anatetemeka kama jani, Mzee Bahati alikuwa amesimama.

Alinisubiri mlangoni, pua ikimtiririka kwa baridi.

"Umekuja, Mzee," nikasema.

"Nimekuona mara moja," akanijibu. "Bado siwezi kusema kitu. Nikikuona na mwaka kesho, na mwaka mwingine, siku moja nitakuwa na la kusema." Kisha akamgeukia Josi, akainua kofia yake. "Mademoiselle."

Nilicheza na wakubwa miaka kadhaa katika ligi za chini, na mzee yule alikuja kila msimu, akajifunza hata kumtukana mwamuzi. Kiwandani nipo mpaka leo. Nywele zimeanza kuwa nyeupe, na sasa ninyi mnaniita mzee, na kuniletea Fanta mkitaka nisimame kwenye posa zenu. Nami hukubali, maana ya mbele naweza kuyabeba.

Lakini nikuachie hili. Ukijikuta umebaki nyuma ya wenzako, mkubwa kati ya wadogo, iwe darasani, kazini au barafuni, usione haya. Kukawia kwa sababu ulikuwa umembeba mtu si kushindwa. Kaa hapo, fanya kazi ya mkubwa, pokea utani wao, wafundishe unachojua. Anayekucheka leo ndiye atakayegonga gongo lake kwa ajili yako. Na siku ukipewa heshima, usikimbilie suti nzuri ya kusimama kando yako. Tazama nyumbani kwanza, tazama hata chini ya kimo chako, umtafute aliyekuwa akikuzolea taka zako kimya kimya. Usimwamuru. Mwombe. Na akikupa, usipokee kama mtu anayedai. Shika mkono wako, hata kama yeye ni mdogo wako, hata kama uwanja mzima hauelewi unachofanya.

Nenda sasa, mwanangu. Mwenyezi Mungu aimarishe nyayo zako penye utelezi, akupe wadogo watakaokusahihisha na wazee watakaokunyima kile usichostahili kupewa. Na siku yako ikifika, hata ikichelewa, asikosekane wa kutembea hadi mwisho wa zulia, na hatua zilizobaki, akufikie.